Nguzo imefika, sasa elimu ya umeme iingie nyumbani

Wapo wazee wengi Kamachumu, Nshamba na Rubya waliosoma vitabu vyao vya shule kwa mwanga wa koroboi, na ambao leo wajukuu wao wanasoma chini ya taa ya umeme. Hayo ni maendeleo yasiyohitaji kupigiwa debe, kwa kuwa kila mwenye macho anayaona. Mashine za kukoboa, saluni, maduka ya kuchomelea vyuma na majokofu ya samaki yameingia mahali ambapo zamani jua lilipozama kazi nayo ilikoma.

Mkoa wa Kagera haukuupata umeme kwa urahisi. Uko mbali na mabwawa makubwa ya nchi, na kwa miaka mingi ulikuwa ukiutegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuvuka mpaka kupitia Kyaka. Baada ya kutungwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kuanza kazi mwaka 2007, nguzo zilianza kuyafuata mashina ya migomba hadi kwenye vibanja. Huko Rusumo, juu ya mto Kagera wenyewe, umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Serikali iliposhusha gharama ya kuunganisha umeme vijijini hadi shilingi 27,000, kizuizi kikubwa kiliondoka. Aliyekuwa akiona umeme ni mali ya matajiri wa mjini aliweza kuupata kwa bei isiyomlazimu kuuza ng'ombe.

Lakini hizo shilingi 27,000 zinaishia kwenye mita. Kutoka mita ya LUKU kuingia ndani, nyaya, swichi, soketi na kila kinachochomekwa humo ni mzigo wa mwenye nyumba. Hapo ndipo penye jambo ambalo watumishi wa umma na walimu wa Bukoba na Muleba wanapaswa kulitazama kwa makini. Taifa limetumia fedha nyingi kuufikisha umeme mlangoni, lakini halijatumia juhudi ya kiasi hicho kumfundisha mwananchi namna ya kuishi nao ndani ya nyumba.

Ni jambo lililo wazi kwa kila mtu kwamba soketi ikilegea, ikipasuka au ikianza kutoa harufu ya kuungua, mwenye nyumba ana njia tatu. Ya kwanza ni kumtafuta fundi mwenye leseni, ambaye mara nyingi yuko Bukoba mjini, naye hudai nauli kabla ya kudai ujira. Ya pili ni kumwita kishoka, yaani mtu asiye na leseni wala cheti, mwenye bisibisi, koleo na ujasiri. Ya tatu ni kupanda kwenye kiti na kujaribu mwenyewe. Tukisema kwamba wananchi hawaifuati njia ya pili na ya tatu tutakuwa tunajidanganya. Na walimu wanaoishi katika nyumba za shule, zilizo mbali na barabara kuu, wanalijua hilo kuliko wengine.

Kwa nini jambo dogo kama soketi listahili ukurasa wa gazeti? Kwa sababu soketi ndipo mahali ambapo mwananchi wa kawaida hugusana na umeme kila siku, na ndipo makosa madogo hujificha nyuma ya plastiki nyeupe inayong'aa. Tuchukue skrubu moja tu iliyolegea. Mahali ambapo waya haukukazwa vizuri, umeme hupita kwa taabu, na taabu hiyo hugeuka joto. Hesabu yake inafundishwa katika fizikia ya sekondari: mkondo wa ampia 10 ukipita penye ukinzani wa omu 1, huzaliwa joto la wati 100. Hiyo ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 100 na kuifungia ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani. Birika la umeme likiwashwa asubuhi moja, hakuna linaloonekana. Likiwashwa mwaka mzima, plastiki hugeuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi, kisha usiku mmoja pazia lililo jirani hushika moto.

Ipo imani iliyoenea kwamba nyumba yenye saketi breka haiwezi kuua mtu. Imani hiyo ni ya hatari. Saketi breka ya kawaida huilinda nyaya zisiungue, lakini haikuwekwa kumlinda mtu. Ile ya ampia 20 haikati umeme mpaka mkondo uwe umezidi kiwango hicho, ilhali mkondo wa miliampia 30 tu, yaani sehemu tatu kati ya mia za ampia moja, ukipita kifuani unaweza kuyasimamisha maisha. Mtu anaweza kushikwa na umeme hadi kufa, na breka ikabaki imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, pamoja na kile kikata-umeme kinachohisi uvujaji mdogo na kukata kwa kasi umeme unapopotea njia. Nyumba nyingi hazina kikata-umeme hicho. Nyingine zina tundu la ethi katika soketi, lakini nyuma ya tundu hakuna waya wowote.

Kwa mantiki hiyo, desturi ya kuchomeka kalamu au njiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie si mchezo wa kuchekwa. Soketi zetu za pini tatu za bapa zinafuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Pini ya ethi ilifanywa ndefu kuliko nyingine kwa makusudi, ili itangulie kuingia, ifungue vifuniko vya matundu ya umeme, na imlinde mtumiaji kabla umeme haujafika. Anayetumia kalamu anaifungua milango hiyo na kumwacha mlinzi nje. Mtoto aliyemwona mwalimu wake akifanya hivyo ofisini, kesho atafanya hivyo nyumbani kwa msumari.

Kadhalika fyuzi. Plagi ya kiwango hicho ina fyuzi ndani yake, ya ampia 3, 5 au 13, kulingana na kifaa. Kazi yake ni kuulinda waya mwembamba wa pasi, redio au jokofu. Fyuzi ikikatika na mtu akaweka mahali pake kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara, kifaa kitawaka, na mwenye nyumba atamsifu fundi kwa ubunifu. Lakini waya wa redio ambao ulipaswa kulindwa kwa ampia 3 sasa unangoja breka ya ampia 20 au 32 iliyoko kwenye swichi kuu. Hitilafu ikitokea, waya huo utakuwa umekwisha kuwaka kabla breka haijashtuka. Rahisi ni ghali, walinena wahenga.

Jambo jingine ambalo huwapoteza hata wale wanaojiona wajuzi ni rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani, waya wa moto ulikuwa mwekundu, wa nyutro mweusi, na wa ethi wa kijani. Katika nyaya za siku hizi, wa moto ni kahawia, wa nyutro ni bluu, na wa ethi ni kijani chenye mstari wa manjano. Tatizo ni kwamba weusi uliokuwa alama ya nyutro katika utaratibu wa kale unaweza kuwa alama ya moto katika umeme wa njia tatu wa utaratibu mpya, na bluu iliyokuwa moto huko nyuma sasa ni nyutro. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba juzi ina lugha mbili ukutani. Asiyejua hivyo atauamini mkono wake kwa rangi, na rangi itamdanganya.

Kagera ina sababu zake za pekee za kulichukua jambo hili kwa uzito. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi sana hapa nchini, na radi za ziwani si ngeni kwa mkazi yeyote. Unyevu huingia ukutani, na soketi iliyo upande wa nje hupata kutu mapema. Zaidi ya hayo, zimo katika mji wa Bukoba na katika shule na misheni za kale nyumba zilizojengwa zama za ukoloni. Nyaya zilizofunikwa kwa mpira, zilizotumiwa kabla ya plastiki kuenea, hukauka kadiri miaka inavyopita na kuvunjika kama majani makavu zinapopindwa. Mtu anayefungua soketi ya nyumba ya namna hiyo ili abadilishe kipande kilichopasuka huenda akaacha nyuma ya ukuta hatari kubwa kuliko ile aliyoikuta.

Halafu lilikuja tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Liliua watu wasiopungua 17, likabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu shule, ikiwamo Ihungo. Wananchi walizika wafu wao, wakasimamisha kuta, wakaziba nyufa. Walionao umeme waliziba nyufa hizo juu ya nyaya zilizovutwa na kuminywa na kuta zilizoyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika nyumba yenye umeme haitoshi kuziba ufa. Sharti ukaguliwe waya uliopita ndani yake. Mwenye nyumba ambaye hajakagua tangu siku hiyo hajachelewa bado.

Tusisahau msimu wa senene. Ifikapo Novemba na Desemba, usiku wa Bukoba na Muleba hung'aa kwa balbu kali zilizowekwa juu ya mabati na mapipa. Senene ni kitoweo, ni zawadi ya ugeni, na ni fedha ya ada ya shule. Hapana mtu mwenye akili atakayewaambia Wahaya waache kuvuna senene. Lakini mitego mingi hupata umeme wake kwa waya mrefu uliotoka kwenye soketi ya sebuleni, ukapita dirishani, ukaungwa mara mbili kwa utepe, na kulala juu ya majani yenye maji. Mabati yanapitisha umeme. Miguu mitupu juu ya udongo uliolowa inapitisha umeme. Waya wa ndani hukusudiwa kwa ukuta mkavu, si kwa mvua ya Novemba. Mtego wa wadudu usigeuzwe kuwa mtego wa watu.

Yapo maoni kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kupiga marufuku. Wenye maoni hayo husema kwamba elimu kidogo juu ya umeme ni ya hatari kuliko ujinga, maana humtia mtu ujasiri wa kushika asichokijua. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kabisa kwamba kazi ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba inatakiwa kufanywa na mwenye leseni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zinazosimamiwa na EWURA zinasema hivyo, na zinasema vyema. Lakini wenye hoja hiyo wanasahau kwamba ujasiri wenyewe umekwisha kuwapo. Kijana anayejifunza kwa kutazama picha katika simu, na kishoka aliyejifunza kwa kumbebea fundi mkoba, tayari wanazo robo za elimu. Kinachokosekana ni ile sehemu inayomwambia mtu asimame wapi.

Nchi nyingine zimelikabili swali hili, na hazikufikia jibu moja. Australia inamkataza mwenye nyumba asiye na leseni kubadilisha hata soketi. Jirani yake New Zealand inamruhusu afanye baadhi ya kazi katika nyumba anayoishi, kwa masharti yaliyoandikwa wazi. Nako England na Wales, kanuni zilizoanza Januari 2005 zilitenga kazi mbili: kubadilisha soketi iliyochakaa kwa nyingine ya aina ileile bila kuongeza njia mpya ya umeme, jambo linaloruhusiwa bila taarifa, na kuanzisha njia mpya, jambo ambalo lazima mamlaka zijulishwe. Hakuna sababu ya kuiga nchi yoyote kwa kufumba macho. Funzo la kuchukua ni kwamba mpaka umechorwa, na kila mwananchi anaujua.

Na huku kwetu mpaka uchorwe kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe katika ofisi ya kila kijiji na kila kata. Upande mmoja yaandikwe yale ambayo kila mtu mzima apaswa kuyajua: kuzima swichi kuu badala ya kuamini swichi ya soketi peke yake, kufunga plagi na kuchagua fyuzi yake, kutambua joto, harufu na mlio wa cheche, kutochomeka pasi, birika na jiko katika ekstensheni moja, kujua kwamba testa isiyowaka si ushahidi kwamba waya hauna umeme, mpaka testa hiyo ijaribiwe kwanza mahali penye umeme wa hakika, na kutomwagia maji moto wa umeme. Upande wa pili yaandikwe yale ambayo mtu ayaonapo sharti aondoe mkono na kumwita mwenye leseni: waya uliobabuka, ukuta wenye alama ya kuungua, soketi isiyo na ethi, nyaya zilizozidi idadi iliyotarajiwa, na kila kazi ya kuongeza soketi mpya. Kwa elimu hiyo, hata yule asiyegusa bisibisi ataweza kumsimamia fundi. Atajua kuuliza kama waya wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5 au amewekewa ule wa taa wa 1.5. Atajua kuuliza fimbo ya ethi imechimbiwa wapi, hasa katika maeneo ya mawe ambako fimbo fupi haifai kitu. Na dukani atatafuta alama ya Shirika la Viwango badala ya kutafuta bei ya chini.

Walimu ndio askari wa mstari wa mbele katika kazi hii. Fyuzi, waya wa moto na waya wa ardhini zimo katika fizikia, lakini mara nyingi hubaki kuwa michoro ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Ubao mmoja wa mbao, wenye soketi, swichi, plagi na vipande vya waya visivyounganishwa na umeme, ungemfundisha mwanafunzi wa Muleba zaidi ya kurasa kumi za daftari. Hiyo ndiyo maana ya elimu kwa vitendo. Mwanafunzi huyo atakwenda nyumbani na kumwonyesha baba yake kwamba skrubu imelegea, na baba atamsikiliza.

Kwa upande wa vishoka, kuwafukuza tu hakutawamaliza, kwa kuwa wanakijibu kilio ambacho mwenye leseni hakukisikia. Wengi wao wana mikono mizuri na hawana cheti. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mkoa una chuo chake kilichojengwa Burugo. Halmashauri za Bukoba na Muleba zikiwakusanya vijana hao, zikawapima, wanaofaa wakafunzwa kinachokosekana na kuelekezwa kwenye leseni, kijiji kitapata fundi anayejulikana kwa jina na anayeweza kuulizwa. Atakayekataa kupimwa atakuwa amejitambulisha mwenyewe. Na mkandarasi mwenye leseni akumbuke kwamba muhuri wake juu ya mchoro wa nyumba ni kiapo. Kuugonga juu ya kazi asiyoiona ni kuiuza roho ya mtu mwingine.

Watumishi wa umma nao waanze na nyumba zao. Ofisi ya serikali yenye soketi inayoning'inia ukutani haina kinywa cha kuwaonya wananchi. Zahanati, shule, mabweni na nyumba za watumishi zikaguliwe, kumbukumbu za ukaguzi ziandikwe, na kasoro zirekebishwe kwa tarehe iliyopangwa. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Nchi hii ina kumbukumbu nzuri ya kushinda hatari za nyumbani kwa elimu. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa mamilioni kuzunguka redio na vitabu vyepesi, wakajifunza, kisha wakatoka na kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hawakungoja kila kijiji kipate daktari. Walifundishwa yaliyo katika uwezo wao, na wakajua ni wakati gani wa kwenda hospitali. Redio zipo Bukoba hadi leo, na walimu wapo. Kinachohitajika ni viongozi wa mkoa, TANESCO, EWURA na halmashauri kukaa pamoja na kuupanga msimu mmoja wa elimu hiyo, ikiwezekana kabla senene hawajatua.

Umeme ni mtumishi asiyechoka, lakini hana huruma wala hachagui bwana. Taifa limemleta hadi mlangoni kwa gharama kubwa. Itakuwa aibu ikiwa mwananchi aliyeungoja umeme miaka hamsini ataupoteza pamoja na nyumba yake, au pamoja na mtoto wake, kwa ajili ya skrubu moja ambayo hakuna aliyemfundisha kuikaza.